Kompyuta Isiyouliza Maswali

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kiomboi, wilaya nzima ya Iramba na vitongoji vyake, wake kwa waume, wakulima na wafugaji, ya kwamba kuanzia sasa mashine haitamuuliza binadamu swali lolote. Kazi hiyo nzito imekamilishwa na Gasto wa kidato cha tatu, bila msaada wa serikali wala wafadhili. Mungu ibariki Iramba.

Tangazo hilo nililisoma bwenini, nimesimama juu ya ndoo ya Yohana iliyopinduliwa. Nilipofika kwenye "wafadhili" ndoo ikapasuka, mguu wangu ukazama hadi kwenye goti, na wananchi wote wa bweni la pili wakanizomea. Yohana akataka ndoo yake. Nikamwambia historia haiandikwi bila hasara.

Lakini tangazo lilikuwa la kweli, na chanzo chake ni Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Chediel.

Mwalimu Chediel ni mtu mfupi mwenye tumbo la heshima. Siku hizi za biashara huria shule binafsi zimeota kama uyoga, na yake ni mojawapo. Kiunoni ananing'iniza simu ya mkononi, ingawa mtandao unapatikana kule juu kwenye tangi la maji tu. Sheria yake kubwa ni moja: mkubwa anauliza, mdogo anajibu. Unampa shikamoo, anakupa marahaba, halafu anakuuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, na nani kakuruhusu. Ukithubutu kumuuliza kitu yeye, hata kama ni saa ngapi, utajibiwa na fimbo.

Basi wafadhili wakatuletea kompyuta za mtumba. Moja ikawekwa ofisini kwa karani kuchapia, nyingine zikapelekwa maabara. Pamoja nazo ikaja CD ya Windows mpya, na baadaye Mkuu akaamua kuipiga mwenyewe, yaani kuiingiza, kwenye ile ya ofisini. Aliyekaa pembeni kumsomea maandishi alikuwa karani wake, Dada Loyce. Mimi nilikuwa nafuta vioo vya madirisha, kwa adhabu nitakayoieleza.

"Nini tena?" Mkuu aliuliza.

"Inauliza lugha, Mkuu."

"Iambie Kiingereza."

"Inauliza nchi."

"Haioni iko wapi?"

"Sasa inauliza jina lako, Mkuu."

Mkuu akavua miwani. "Imeingia ofisini kwangu, haijaniamkia, inaniuliza jina?"

"Ndivyo zilivyo, Mkuu. Halafu hapa inauliza kama unakubali masharti yake."

"Masharti?" Akasimama. "Masharti hapa natoa mimi!" Akachomoa waya ukutani. Skrini ikazima kama mtoto aliyezabwa kofi.

Kisha akatoa amri. Jumamosi bodi ya shule inakuja kuzindua kompyuta. Yeye mwenyewe ataweka CD mbele ya Mwenyekiti, atabonyeza kitufe kimoja, na mashine itamaliza kazi bila kumuuliza hata neno. Jinsi itakavyowezekana hakujua, na wala halikuwa tatizo lake. "Loyce, tafuta njia. Ikiniuliza Jumamosi, usahau ile ajira ya kudumu."

Nikatia kichwa dirishani. "Mkuu, shikamoo. Njia ipo."

Nilikuwa naijua kwa mjomba wangu Urbano, mwenye intaneti kafe karibu na stendi ya Singida mjini. Mjomba akipiga Windows kwenye mashine zake haketi mbele ya kila moja kujibu maswali yaleyale. Anaandika majibu yote mapema ndani ya flopi, ile diski bapa ya kuchomeka. Mashine ikitaka kuuliza, inakuta jibu limeshaandikwa, inanyamaza, inaendelea. Likizo iliyopita alinifundisha kuiandika mstari kwa mstari, na alinionya jambo moja tu.

"Lugha, nchi, jina, masharti, toa yote," alisema. "Lakini kuna swali linauliza hivi: kila kilichomo humu kitafutika, unakubali? Hilo usiliguse. Liache liulizwe, mtu alijibu kwa mkono wake."

"Kwa nini, Mjomba?"

"Kwa sababu kazi za watu zimo mle, mpumbavu wewe."

Sasa nieleze habari za Dada Loyce na adhabu yangu.

Dada Loyce ametoka Mwankoko. Alisomea kuchapa Singida mjini. Ana mtoto mmoja, Scola, wa shule ya chekechea, na wanaishi wote wawili katika chumba kimoja nyuma ya jiko la shule. Alikuwa bado kibarua. Mkuu alimwahidi kwamba uzinduzi ukipita salama ataandikwa kazi rasmi, na chumba kitakuwa chake. Uzinduzi ukiharibika, basi. Shule nzima ilijua, kwa sababu Scola alikuwa akimwambia kila mtu kwamba mama akiandikwa watanunua kitanda cha pili.

Huyu ndiye dada aliyenikamata ofisini nikisoma mtihani wa baiolojia kwenye skrini yake. Nilikuwa nimemwambia nimekuja kumsaidia. Hakupiga kelele. Alinishika sikio, akanitembeza mbele ya madarasa yote hadi kwa Madam Redempta, mwalimu wa taaluma. Hukumu ilikuwa kung'oa kisiki cha mgunga nyuma ya bweni la wasichana, na baada ya hapo kufuta vioo vya ofisi hadi muhula uishe. Kung'oa kisiki ni kitu cha kawaida. Kung'oa kisiki wasichana wa kidato cha nne wakiwa wamekaa kivulini wanasukana na kukushangilia kila jembe likigonga mzizi, hicho si cha kawaida. Viganja vyangu vilichubuka, na jina langu likawa Kisiki. Nikaapa.

Kiapo changu kilipata bahati kubwa. Shuleni kwetu mwalimu akitunga mtihani anampa karani karatasi yake ya mkono. Karani akishachapa, karatasi inachomwa moto mbele ya mwalimu wa taaluma, kwa sababu huko nyuma tulikuwa tunaziokota jalalani. Flopi nazo karani haruhusiwi, kwa sababu flopi zinaibwa. Kwa hiyo mitihani yote ya muhula, madarasa yote, ilikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta ya Dada Loyce. Ilikuwa bado haijatolewa kwenye karatasi, maana karatasi zenyewe zilikuwa zinakuja na gari la Mwenyekiti siku hiyohiyo ya Jumamosi. Mitihani ilitakiwa kuanza Jumatatu.

Mimi ni mtu wa hesabu nyepesi. Swali moja nikilitoa, mitihani inakufa, shule nzima inapumzika, na Dada Loyce anapata kisiki chake.

Nikaiandika ile flopi kwenye mashine ya maabara, Madam Redempta akinisimamia bila kuelewa ninachoandika. Lugha nikajibu, nchi nikajibu. Jina la mwenye mashine nikaandika la Mkuu, na cheo chake, na neno "Mheshimiwa" mbele. Halafu nikafika kwenye lile swali la mjomba. Nikajibu: futa yote, usimuulize mtu.

Ijumaa nikaipeleka ofisini. Dada Loyce alinisimamisha mlangoni.

"Gasto, subiri. Mitihani yote imo humu, na karatasi tumeshachoma. Hii flopi yako haitaigusa?"

"Haitaigusa, Dada."

"Una hakika? Mimi Windows nimejifunza kuitumia tu, kuipiga sijui."

"Dada Loyce, mimi nikudanganye wewe? Yale ya kisiki yameisha. Nimekua."

Akacheka. Akaingia ndani, akatoka na kiazi kitamu kilichochemshwa, cha moto, akanipa. "Kula basi, fundi. Jumamosi ikipita salama nitakupikia na kuku."

Kiazi kilikuwa kitamu sana. Nilikila chote.

Jumamosi ofisi ilijaa. Alikuwepo Mwenyekiti wa bodi na suti yake, wajumbe, mchungaji aliyeiombea kompyuta isishikwe na virusi vya aina yoyote, na sisi wanafunzi tukining'inia madirishani kama popo. Nje kuku wa kienyeji walikuwa wanakaangwa kwa mafuta ya alizeti. Mkuu akatoa hotuba. Akasema teknolojia bila adabu ni upuuzi, na kwamba shule yake ni ya kwanza kuifundisha mashine adabu. Akaweka CD. Akaweka flopi yangu. Akabonyeza kitufe, akarudi nyuma, mikono mgongoni.

Skrini ikawa ya bluu. Maandishi meupe yakaanza kupita. Haikuuliza lugha. Haikuuliza nchi.

"Mnaona?" alisema Mkuu. "Kimya!"

"Ajabu," alisema Mwenyekiti.

Watu wakapiga makofi. Kisha ukatokea mstari wa njano, ukaanza kujaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na juu yake maneno ya Kiingereza. Kuyasoma Dada Loyce aliyasoma. Nilimwona midomo ikicheza, halafu ikaacha.

"Mkuu, samahani," alisema. "Naomba tuizime."

"Nini?"

"Inafuta. Imeandika inafuta. Mkuu, mitihani..."

"Loyce! Wageni wanaangalia."

Alinyoosha mkono kwenye waya. Mkuu akampiga mkono ule, pa! kama unavyompiga mtoto anayetaka kuchovya mchuzi. Wajumbe wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa ofisi. Dada Loyce akageuza macho, akapita dirisha moja baada ya jingine mpaka akanipata. Mimi nilikuwa napiga makofi. Nikaongeza.

"Kawaletee wageni soda," alisema Mkuu.

Akaenda kuleta soda. Alirudi na sinia, akainama kwa kila mgeni, akafungua chupa moja moja, na wakati wote ule mstari wa njano ulikuwa unajaa nyuma ya mgongo wake. Mwenyekiti akamwomba Fanta baridi zaidi. Akarudi tena jikoni.

Jumapili mchana, Madam Redempta alipotaka kuchapisha, siri ikawa hadharani. Mashine ilikuwa safi kama sahani ya mlafi. Habari ilifika bwenini kabla ya maharage. Wananchi walinibeba mabegani, wakanizungusha bweni zima, wakaimba "Kisiki! Kisiki!" na jina hilo siku hiyo likawa tamu. Hapo ndipo niliposoma lile tangazo na kuvunja ndoo.

Ofisini hakukuwa na nyimbo. Tulisikiliza chini ya dirisha, mimi na Yohana.

"Nani amekulipa?" Mkuu alikuwa anauliza. "Ni kidato cha nne?"

"Mkuu, sijalipwa na mtu. Imejifuta yenyewe."

"Bila kukuuliza?"

"Haikuuliza, Mkuu. Ulikuwepo."

"Mashine zote zinauliza! Si wewe mwenyewe uliyeniambia ndivyo zilivyo?"

"Mkuu, niliomba tuizime..."

"Ndiyo! Uliomba tuizime kabla ya mtu yeyote. Ulijuaje? Ulijua kwa sababu wewe ndiye uliyepanga. Kesho asubuhi chumba kiwe wazi."

Yohana alinitazama. Nikampa ishara ya mbuzi anayechinjwa, tukacheka hadi tukaumwa mbavu.

Asubuhi ya Jumatatu Dada Loyce alitoa vitu vyake. Havikuwa vingi: godoro, masufuria, ndoo, mfuko wa nailoni wa nguo. Aliviweka getini kungojea basi la Singida. Sisi tulikuwa tunapita kwenda mstarini. Godoro la Scola lilikuwa na doa kubwa la manjano, na mimi, kwa uchungu wa taifa, nikasimama kulielezea.

"Ndugu wanafunzi, hii ni ramani ya Afrika. Huku Misri. Hapa Kongo. Singida ni hapa palipolowa."

Walicheka sana. Scola alikuwa amekaa juu ya ndoo na sare yake ya chekechea. Akasema, "Sio leo. Ni zamani." Akalifunika doa kwa mkono, lakini mkono wake ulikuwa mdogo.

Mstarini Mkuu alikuwa na sura ya mtu aliyelala vizuri. Alisema mitihani imeahirishwa kwa hujuma ya mtumishi mmoja asiye mwaminifu, na mtumishi huyo ameshachukuliwa hatua. Lakini shule haitaacha aibu ya mmoja ifunike sifa ya mwingine. Mwenyekiti amefurahishwa mno na mashine isiyouliza. Ametaka kijana aliyeifanya apewe zawadi.

"Gasto, pita mbele."

Nilipita. Zawadi ilikuwa kalamu ya wino na mche mzima wa sabuni. Nikanyoosha mikono yote miwili kwa heshima.

"Mkuu," alisema Madam Redempta, "kabla hajapokea, naomba kumuuliza swali dogo."

Mkuu hakupenda. "Swali gani tena, madam? Mtoto anapewa zawadi."

"Dogo tu." Akanigeukia. "Gasto, jana nimeweka CD ileile kwenye mashine moja ya maabara, bila flopi yako. Imeniuliza lugha, nchi, jina, yote. Kabla ya kufuta ikaniuliza pia: kila kilichomo kitafutika, unakubali? Sikuijibu. Nimeenda ibada ya jioni, nimerudi, nimepika, nimekula. Bado ilikuwa inanisubiri."

Wanafunzi wakacheka. Nami nikacheka, nikiwa bado nimenyoosha mikono.

"Kwa hiyo kuna mtu alilitoa lile swali," aliendelea, kwa sauti ya upole kama anaomba chumvi. "Wewe ndiye fundi wetu. Niambie, hapa Iramba ni nani na nani wanaojua kulitoa?"

Na hapa, wasomaji, naomba mnihurumie, maana mdomo wangu una mguu wake mwenyewe. Nilisikia neno "fundi". Nilisikia "Iramba". Nikakumbuka tangazo langu.

"Hakuna mwingine, madam!" nikasema kwa sauti ya kufika hadi jikoni. "Iramba nzima ni mimi peke yangu!"

Makofi yakaanza. Halafu yakafa, kuanzia mstari wa kidato cha nne, yakarudi nyuma kidogo kidogo. Kidato cha kwanza, ambao huchelewa kuelewa kila kitu, waliendelea kupiga peke yao, kisha nao wakanyamaza. Mikono yangu ilikuwa bado imenyooshwa. Sabuni ilikuwa bado kwa Mkuu.

Mkuu alikohoa. Nilimwona akihesabu kichwani: kitufe alichobonyeza mwenyewe, mkono alioupiga mbele ya bodi, chumba alichoamuru jana kiachwe wazi. Akaniinamia.

"Ilikuwa bahati mbaya," alisema. "Hukujua kama mle ndani mlikuwa na kitu. Si ndiyo?"

Haikuwa swali. Alikuwa ameshaniandikia jibu. Kilichobaki kwangu kilikuwa kukaa kimya na kuendelea.

"Ndiyo, Mkuu," nikasema. "Sikujua."

"Mmesikia wote. Bahati mbaya. Pokea zawadi yako, ukakae."

Sabuni ikanigusa viganja. Na hapo nikaona watu wa mstari wa mbele hawanitazami mimi, wanatazama nyuma yangu. Dada Loyce alikuwa amesimama karibu na mlingoti wa bendera, Scola kamshika kanga. Basi lilikuwa halijafika. Alikuwa amekuja kurudisha ufunguo wa ofisi aliousahau shingoni.

Alipita mbele ya shule nzima taratibu. "Shikamoo, Mkuu," alisema, akamnyooshea ufunguo kwa mikono miwili. Mkuu hakuitikia marahaba. Hakuupokea pia. Alikuwa anatazama ufunguo kama anatazama nyoka.

Dada Loyce akaacha mikono yake palepale, akanigeuzia uso tu.

"Gasto, Ijumaa pale mlangoni nilikuuliza nini?"

Nilimtazama Mkuu. Safari hii hakuwa na jibu la kunipa. Nilimtazama Yohana, yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Nikatafuta utani, maana ninao mwingi. Hata mmoja haukuja.

"Uliniuliza kama flopi haitaigusa mitihani, Dada."

"Ukanijibu nini?"

"Nikasema haitaigusa."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Mjomba alinionya nisilitoe lile swali, nikalitoa. Niliandika mwenyewe ifute yote, na niliandika isimuulize mtu. Ulipotaka kuizima nilijua kwa nini. Nikapiga makofi."

Hakulia, wala hakunipiga. Ingekuwa nafuu angenipiga. Scola alimvuta kanga, akamuuliza kama sasa wanarudi chumbani. Ufunguo ulikuwa bado mikononi mwake, na Mkuu alikuwa bado hajaupokea, wala hajamwambia abaki nao.

"Kwa nini?" aliniuliza.

Niliitafuta sababu kubwa. Shule nzima ilikuwa inaisubiri, hata kidato cha kwanza.

"Kwa sababu ya kisiki, Dada," nikasema.